Divai ya Bei Ndogo: Kabla ya Kulipa, Tuulize kwa Nini Ni Rahisi

Wiki hii tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakinunua mara mbili au tatu tu kwa mwaka, lakini kikikosewa kinasemwa mtaa mzima: divai ya karamu. Komunyo ya kwanza, ndoa, kupokea mahari, diploma ya mtoto, kufunga mwaka wa likelemba: kila mara kunaundwa kamati ya wamama, na kila mara mmoja wetu anapewa feza mkononi na kuambiwa, "Mama, utafute divai nzuri, ila bajeti ni hii hii."

Na bajeti yenyewe tunaijua. Tangu benki za Goma zilipofunga milango mwezi wa kwanza 2025, vikundi vingi vimebaki na sanduku lao tu. Franga inayotoka humo ni ya mama aliyeuza sambaza, makala au sombe, akaiweka kidogo kidogo kila wiki. Kwa hiyo dola tano zikipotelea katika chupa mbovu, si dola tano za mchezo. Ni minervali iliyopungua, ni kilo za maharagwe ambazo hazikununuliwa.

Mama aliyetumwa sokoni anaogopa mambo mawili. La kwanza ni kulipa bei ya juu kwa ajili ya jina na karatasi ya dhahabu. La pili ni kushika cha bei ndogo, kisha wageni wakaumwa kichwa au tumbo, au likatokea baya zaidi. Kati ya hofu hizi mbili iko njia, nayo haihitaji mtu kuwa fundi wa divai. Kila chupa ya bei ndogo ina sababu yake ya kuwa rahisi. Kuna sababu safi na kuna sababu chafu. Kazi ya mnunuzi ni kuijua hiyo sababu kabla ya kulipa.

Hapa Kituku, na kule kwenye depo na butiki za Birere, divai zinasimama pamoja kwenye rafu moja: za Afrika Kusini, za Ufaransa, za Hispania, na nyingine ambazo hazisemi zimetoka wapi. Tuzipange.

SABABU SAFI

Haina jina kubwa. Bei ya divai ya Ufaransa hupanda kufuatana na udogo wa eneo linalotajwa kwenye karatasi yake. Chupa inayotaja kijiji kimoja au shamba moja maarufu huuzwa ghali. Iliyoandikwa "Vin de France" ina maana kwamba zabibu zake zinaweza kuwa zimetoka sehemu yoyote ya nchi ile. Kati ya hizo mbili kuna zenye alama "IGP", kama "Pays d'Oc", za kusini mwa Ufaransa. Kwa kuku, kwa mbuzi na kwa samaki wa karamu, hizi mbili za bei ndogo zinatosha kabisa. Hakuna mgeni wa komunyo anayekunywa jina la kijiji.

Imefungwa katika kartoni yenye bomba. Wengine wanaona aibu kuweka kartoni ya lita tatu au tano mezani. Wanasema ni divai ya maskini. Lakini tuangalie inavyofanya kazi. Ndani ya kartoni kuna mfuko, na divai inapotoka, mfuko unajikunja, hewa haiingii. Wazo hilo lilitoka Australia mwaka 1965. Chupa ikishafunguliwa inaanza kuchacha baada ya siku mbili tatu, lakini kartoni iliyofunguliwa inaweza kukaa wiki nne au zaidi kama imewekwa mahali pa ubaridi. Tena kartoni ni nyepesi kuliko chupa, haivunjiki njiani juu ya moto, na gharama ya kuisafirisha ni ndogo. Bei yake inashuka kwa sababu ya chombo. Aibu ikizidi, mimineni divai katika jagi zuri la glasi kabla ya kuipeleka mezani.

Ina kizibo cha kuzungusha. Watu wanadhani kizibo cha gome la mti ndicho cha divai bora na cha chuma ni cha bandia. Sivyo. Huko Australia na New Zealand hata divai za bei ya juu zinafungwa kwa kizibo cha chuma. Kwetu sisi kina faida nyingine: ile pete ya chini ikikatika inaonekana wazi, na mtu hawezi kuirudisha kwa urahisi.

Ni changa. Tumezoea kusikia kwamba divai ikizeeka inakuwa tamu zaidi. Hiyo ni kweli kwa chupa chache sana, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya kulala kwenye giza na ubaridi miaka mingi. Divai nyingi sana duniani zinatengenezwa zinywewe katika mwaka mmoja au miwili. Kwa hiyo mwuzaji akikuambia, "Mama, hii ni ya zamani, ndiyo maana ni nzuri," na chupa ni nyeupe ya bei ndogo iliyokaa miaka mitano chini ya manjanja, mwachie mwenyewe.

Imetoka karibu. Divai haikulazimishwa kuvuka bahari ili iwe divai. Kule Dodoma, Tanzania, wamisionari Wakatoliki wa Bihawana walipanda zabibu katika miaka ya 1950. Sheria ya Kanisa inataka divai ya misa iwe ya asili, ya zabibu, na isiwe imeharibika. Leo familia nyingi za wakulima wa Dodoma zinaishi kwa zabibu, na kwa joto la kule mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka. Zabibu yao nyekundu inayojulikana zaidi inaitwa Makutupora, na huko Hombolo kiwanda cha Cetawico kinaijaza katika chupa. Uganda kuna divai ya matunda iitwayo Bella, ya kampuni ya K-Roma iliyoanzishwa na mama mmoja mfanyabiashara, Prudence Ukkonika. Arusha, kampuni ya Banana Investments inatengeneza divai ya ndizi iitwayo Raha. Mkiikuta mojawapo kwenye rafu, msiipite kwa sababu tu haina maandishi ya Ulaya. Ijaribuni.

SABABU CHAFU

Imepikwa na jua. Divai inachukia joto na mwanga. Kartoni za chupa zikisimama nje mbele ya duka kuanzia asubuhi mpaka jioni, au zikilala wiki nyingi ndani ya kontena la chuma, ladha inakufa na mwuzaji anashusha bei ili amalize mzigo. Dalili zake tutazitaja hapa chini.

Si divai kamili. Mfundishane maneno haya ya Kifaransa, kwa sababu yanaandikwa kwa herufi ndogo sana: "boisson à base de vin", au "boisson aromatisée à base de vin". Maana yake ni kinywaji kilichotiwa divai ndani yake, pamoja na maji, sukari na harufu. Si sumu, na wengine wanakipenda kwa utamu wake. Lakini kisiuzwe kwa bei ya divai. Mbaya zaidi ni kile kisichosema kitu chochote, chenye picha ya zabibu tu na rangi inayobaki kwenye glasi na kwenye ulimi.

Haina mwenyewe. Chupa halali inamtaja aliyetengeneza, nchi, ujazo, kiasi cha alkoli kwa asilimia na nambari ya mzigo. Divai ya kawaida ya zabibu huwa kati ya asilimia 11 na 14. Chupa isiyotaja hata kimoja cha hivi ni mtoto asiye na baba: likitokea tatizo hakuna wa kuulizwa.

Imejazwa upya. Chupa tupu zenye sura nzuri zina soko lake. Ndiyo maana wengine wetu, karamu ikiisha, tunachana karatasi za chupa kabla ya kuzitoa nje. Ni jambo dogo, lakini linamzuia mtu kutujazia kesho kile tulichokinywa jana.

Hapa tuseme wazi kuhusu sumu. Hatari kubwa haimo sana katika divai, imo katika vinywaji vikali vya bidoni na vichupa vidogo visivyo na jina, vile vinavyoongezewa alkoli ya viwandani iitwayo methanoli. Mwaka 2010, katika eneo la Kabale, Uganda, si mbali na mpaka wetu wa Bunagana, makumi ya watu walikufa kwa kunywa waragi iliyotiwa methanoli. Methanoli haina rangi, na huwezi kuitambua kwa ulimi. Mtu anaweza kulala vizuri, halafu baada ya saa nyingi, hata siku nzima, akaanza kuumwa kichwa sana, kutapika, tumbo kukaza, na macho kuona kama ukungu. Mtu wa namna hiyo asiachwe alale "mpaka pombe imtoke". Apelekwe hospitali mara moja, na kile alichokunywa kipelekwe pamoja naye. Kwa hiyo mtu akiwaletea "divai" ya bidoni iliyokolezwa kwa kanyanga ili iwe kali, jibu ni moja: hapana, hata ikiwa bure.

DAKIKA TANO MBELE YA MWUZAJI

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwuzaji anayekuharakisha ndiye wa kuchunguzwa zaidi. Simama, shika chupa, fanya haya:

1. Inua chupa kwenye mwanga. Divai ichungulie shingoni. Ikiwa imeshuka mpaka mabegani na haijafunguliwa, imevuja au imetolewa.

2. Pitisha kidole juu ya kizibo. Kizibo cha gome kilichosukumwa juu, au utelezi wa sukari pembeni yake, ni alama ya joto. Kizibo cha kuzungusha kikiwa kimekatika kutoka kwenye pete yake, kimeshafunguliwa.

3. Angalia rangi. Nyeupe iwe ya manjano nyepesi. Ikiwa kama chai kavu, imechacha. Nyekundu changa iwe nyekundu ya kweli au ya zambarau. Ikiwa kama tofali, imezeeka. Vumbi jepesi chini ya chupa nyekundu si kosa, lakini mawingu ndani ya nyeupe ni kosa.

4. Soma karatasi yote, mbele na nyuma. Tafuta mwaka, nchi, asilimia, nambari ya mzigo. Divai ya Afrika Kusini iliyopitishwa na wakaguzi wao hubandikwa stika ndogo yenye nambari, mara nyingi shingoni. Kama mnaanza kuzoea, nyeupe ya Chenin Blanc ni mahali pazuri pa kuanzia: ndiyo zabibu inayolimwa kwa wingi kuliko zote kule, kwa hiyo bei yake haipandi sana. Kwenye kartoni tafuta tarehe iliyopigwa muhuri chini au pembeni. Kartoni ya mfuko haikuumbwa kukaa miaka, na iliyofungwa zaidi ya mwaka mmoja uliopita iacheni.

5. Soma neno la utamu. "Sec" ni kavu, haina sukari inayosikika. "Demi-sec" ina utamu kidogo. "Moelleux" na "doux" ni tamu. Ugomvi mwingi wa karamu unatokea hapa. Divai ni nzuri, lakini wazee wanakunja uso kwa sababu walitazamia utamu na wakapewa kavu. Kabla ya kutuma mtu, kamati iamue: wageni wetu ni wa utamu au wa ukavu?

6. Uliza ilikolala. "Mzigo huu umefika lini? Ulilala wapi?" Ukipenda, omba chupa ya ndani ya duka, kwenye kivuli, si ile ya dirishani iliyopauka karatasi.

Baada ya hayo, msinunue kartoni siku ile ile. Nunueni chupa moja. Ipelekeni nyumbani, wamama watatu au wanne waionje jioni pamoja na kipande cha nyama au cha fromaji ya Masisi. Ikinuka siki, au gazeti lililolowa, au ikichoma ulimi kwa vibubujiko wakati haikuandikwa kuwa na gesi, imekufa. Ikipita, rudini kesho yake mchukue kartoni, na mhakikishe nambari ya mzigo ni ile ile ya chupa mliyoionja. Ombeni fakture. Tena patana na mwuzaji kabla ya kulipa kwamba chupa zisizofunguliwa mtamrudishia. Anayeamini mali yake hakatai kwa urahisi.

Mama mmoja wa kikundi chetu alipewa bei nzuri sana juu ya kartoni kumi na mbili. Aliomba chupa mbili kutoka kartoni mbili tofauti, akaziweka sambamba kwenye mwanga. Jina lilikuwa moja, karatasi moja, lakini moja ilijaa mpaka shingoni na nyingine ilikuwa vidole vitatu chini. Hakugombana na mtu. Alishukuru, akaondoka na feza ya kikundi mkobani.

HESABU YA GLASI

Tusihesabu chupa, tuhesabu glasi. Chupa ya sentilita 75 inatoa glasi 6 za sentilita 12 na nusu. Kartoni ya lita 3 ni sawa na chupa 4, yaani glasi 24. Kartoni ya lita 5 inatoa glasi 40.

Tuchukue mfano, bei zikiwa za kufikiria tu. Wageni wazima ni 60. Katika hao, wengi watachagua bia au jus, tuseme wanaobaki kwenye divai ni 25. Wakipewa glasi moja, na zaidi ya nusu yao wakaongezwa ya pili, tunahitaji glasi 40. Chupa ya dola 6 inafanya glasi ya dola 1, na chupa 7 zitakula dola 42. Kartoni ya lita 5 ya dola 24 inafanya glasi ya senti 60, na kartoni moja inamaliza kazi. Zimebaki dola 18. Kwa dola 18 kamati inaongeza kuku, au inarudisha feza sandukuni.

Njia nzuri ya tatu ni kuchanganya: chupa moja au mbili zenye sura nzuri kwa meza ya wazazi na kwa hotuba, na kartoni kwa meza nyingine. Ila ladha zisitofautiane sana, maana wageni wanaonjeana.

Na vikundi viwili vyenye karamu mwezi mmoja vinunue pamoja. Bei ya depo kwa kartoni nzima si bei ya chupa moja moja ya butiki.

YANAYOFIKA KWA BOTI

Tukiwa Kituku, haitafaa kuzungumza juu ya rafu tu na kulipa mgongo ziwa. Asubuhi boti na mitumbwi inashusha ndizi na mananasi kutoka Idjwi na pwani ya Kalehe. Kwa karamu nyingi, hapo ndipo kinywaji bora cha bei ndogo kinapoanzia.

Kasiksi tunaifahamu tangu kwa bibi zetu. Ndizi zinaivishwa siku kadhaa, zinamenywa, zinakamuliwa kwa majani mpaka utoke mutobe, halafu unatiwa maji na unga wa mtama uliokaangwa, unaachwa uchachuke siku moja mpaka tatu. Haina siri na haina gharama kubwa. Lakini haikai: baada ya siku chache inageuka kuwa kali na chungu. Kwa hiyo mwenye kuagiza ahesabu siku kurudi nyuma kutoka siku ya karamu.

Hatari ya kasiksi na ya jus ya nyumbani ni moja: maji. Ndoo iliyochotwa ziwani bila dawa inaweza kubeba kipindupindu, ugonjwa ambao Goma inaujua vizuri kupita ilivyotaka. Msidanganyike kwamba kuchachuka kunaua kila kitu. Maji ya kuongezea kwenye mutobe yachemshwe na yapoe yakiwa yamefunikwa, au yawe yametiwa klore mahali pa kuchotea. Bidoni ziwe zimeoshwa kwa maji hayo hayo, na vikombe pia. Mama anayewauzia kasiksi, mwulizeni anatumia maji gani. Si matusi. Mwenye kazi safi anafurahi kuulizwa.

Kwa watoto na kwa wasiokunywa, maganda ya nanasi yaliyooshwa vizuri, yakachemshwa pamoja na tangawizi na sukari kidogo, yanatoa kinywaji kizuri kwa feza ndogo sana, na nyama ya nanasi inabaki kwa meza. Kiwekeni katika glasi zile zile nzuri za divai. Mama Mprotestanti, Mwislamu, au anayenyonyesha asijisikie amekaribishwa nusu.

Tena neno moja juu ya bei ya hapa. Tunapenda kupatana, ndiyo soko. Lakini hatusahau tarehe 3/10/2024, boti iliyotoka Minova ilipozama hapa mbele ya Kituku, ikiwa karibu kufika, na watu wengi wakafa. Barabara zinapofungwa, ziwa ndilo linalotulisha, na wanaolivuka wengi ni wamama kama sisi. Sababu ya nanasi kuwa rahisi isiwe kwamba tumemkamua aliyelileta.

SIKU YA KARAMU

Chupa zikishanunuliwa, zisiharibikie kwetu. Nyumba ya mbao yenye manjanja juu inachemka saa sita mchana. Wekeni divai chini kabisa, sakafuni, chini ya kitanda, mbali na jiko. Chupa yenye kizibo cha gome ilazwe, yenye kizibo cha chuma isimame tu.

Umeme na frigo si vya kutegemea, lakini Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na usiku wetu ni baridi. Usiku wa kuamkia karamu, zamisheni chupa nyeupe katika beseni la maji mahali pa ndani palipo baridi. Asubuhi zifungeni kwa kitambaa kilicholowa na kuziweka kwenye kivuli chenye upepo. Mkipata barafu, itieni majini pamoja na kiganja cha chumvi, itapoza haraka zaidi. Nyekundu haihitaji haya yote, inataka kivuli tu.

Mama mmoja tu ashike bomba au kifungua chupa. Glasi zimiminwe nusu. Chakula kitangulie, divai ifuate: tumbo tupu ndilo linalofanya divai nzuri isingiziwe ubaya. Mwenye mimba, mtoto, anayemeza dawa za kifua kikuu, na kijana atakayewarudisha wageni kwa moto, wote hao wapewe nanasi.

Iliyobaki isimwagwe. Nyekundu ya chupa iliyofunguliwa inalainisha nyama ya ng'ombe kesho yake kwenye sufuria. Ikishachacha, ifunikwe kwa kitambaa safi, iachwe wiki kadhaa, mtapata siki ya saladi.

DAFTARI LA KIKUNDI

Mambo haya yote yanasahaulika kati ya karamu moja na nyingine. Ndiyo maana tunashauri kila kikundi kifungue ukurasa mmoja katika daftari lake la likelemba. Kwa kila divai iliyoonjwa, andikeni jina, nchi, mwaka, asilimia, nambari ya mzigo, bei, tarehe, na maneno matatu tu ya wamama walioionja: tamu, kavu, nzito, nyepesi, tutarudia, hatutarudia. Bandikeni na karatasi ya chupa kama inatoka. Baada ya karamu tano au sita mtakuwa na kitu ambacho hakiuzwi Birere wala Kituku: ujuzi wenu wenyewe, ulioandikwa kwa mkono wa mama, ambao mwuzaji yeyote atauheshimu akiuona juu ya meza yake.

Na watumwe wawili kila mara, si mmoja: mmoja ashike mkoba, mwingine ashike chupa kwenye mwanga.